Mizizi ya Maneno: Kalamu iliyo mgongoni mwa ngisi

Maswali ya mwezi huu yametoka Lamu na Malindi, na karibu yote yanauliza juu ya maneno ya Kiingereza yanayofanana na yetu. Tumejibu kwa urefu yale yenye mengi ndani yake, na mengine kwa ufupi.

Nahudumu mezani katika mkahawa mmoja wa ufukweni. Ngisi kwenye menyu yetu ameandikwa “calamari”. Mgeni Mwitaliano aliniambia neno hilo ni la nasaba moja na kalamu. Je, ni kweli au alikuwa akinipigia porojo? Na kama ni kweli, walilichukua kwetu? — Mhudumu, Malindi

Hakukupigia porojo, bwana. Ngisi akisafishwa jikoni hutolewa vitu viwili kabla ya kukatwa: kifuko cha wino, na kile kipande chembamba, kigumu kidogo, king’aacho kama plastiki, kilicholala ndani ya mgongo wake kwa urefu. Kiinue kwenye mwanga utaona kina umbo la unyoya uliochongwa. Mnyama mmoja ana wino na ana kalamu. Waliompa jina walimwona kibweta cha mwandishi.

Wagiriki waliita tete “kalamos”, na mwanahistoria wao Herodotus alilitumia neno hilo katika karne ya 5 KK. Tete likikatwa mshazari na kupasuliwa ncha huandikia vizuri, basi “kalamos” likawa pia jina la kitu cha kuandikia. Warumi wakalipokea kwa umbo la “calamus”, na kibweta cha kutilia kalamu wakakiita “calamarium”. Kutoka hapo Kiitaliano kimezaa matawi mawili yaliyo hai hadi leo: “calamaio”, yaani kidau cha wino, na “calamaro”, yaani ngisi. Wingi wa “calamaro” ni “calamari”. Waingereza waliandika “calamary” tangu karne ya 16. Umbo la kwenye menyu lilikuja baadaye pamoja na mapishi ya Kiitaliano. Jambo la kukufaa kazini: Kiingereza kinatumia “calamari” kwa mmoja na kwa wengi, lakini Mwitaliano anayetaka ngisi mmoja atakuambia “calamaro”.

Kalamu yetu ni “qalam” ya Kiarabu. Q imekuwa k, na kwa kuwa silabi ya Kiswahili hutaka kuishia kwa irabu, ikaongezwa u. Kiarabu nacho kililipata kutoka “kalamos” hiyohiyo, kupitia lugha za jirani, kabla ya Uislamu. Ndiyo maana Qurani inalitumia kama neno linalojulikana na kila mtu, na sura ya 68 inaitwa Al-Qalam. Kwa hiyo Waitaliano hawakulichukua kwetu, wala sisi hatukulichukua kwao. Kalamu na “calamari” ni wajukuu wa bibi mmoja: mmoja alipita Arabuni, mwingine alipita Roma, na sasa wamekutana tena kwenye sahani Malindi.

Aliyesoma Kiarabu ana haki ya kupinga hapa. Kipo kitenzi “qallama”, kupunguza kucha. Basi kwa nini “qalam” lisiwe tu kitu kilichopunguzwa ncha? Wanalugha wa Kiarabu wa zamani walilieleza hivyo, na hoja yao ina uzito. Kinachoizidi nguvu ni ndugu wa “kalamos” waliotawanyika Ulaya, mahali ambapo Kiarabu hakikuwa kimefika: “culmus” ya Kilatini, bua, “soloma” ya Kirusi, mabua makavu ya nafaka, “Halm” ya Kijerumani, na “haulm” ya Kiingereza, bua la maharagwe au la viazi. Haya hayakukopwa kwa Wagiriki. Yalirithiwa kutoka kwa mama wa lugha hizo zote, na ushahidi umo katika sauti zake.

Ushahidi huo watu wa Amu, yaani Lamu, wanaufahamu bila kufundishwa. Kiunguja kikisema macho, nchi na kichwa, Kiamu husema mato, nti na kitwa. Kiunguja kikisema njia na njaa, Kiamu husema ndia na ndaa. Hakuna aliyekaa kitako akaamua hivyo. Sauti imefuata mkondo mmoja, neno baada ya neno. Lugha za jamii ya Kiingereza na Kijerumani zilipitia jambo la namna hiyo zamani: k ya asili ikawa h, p ikawa f, t ikawa th. Mwanalugha Mjerumani Jacob Grimm aliipanga kanuni hii mwaka 1822. Ndipo “cornu” ya Kilatini inapokutana na “horn” ya Kiingereza, “centum” na “hundred”, “pater” na “father”, “tres” na “three”. Kwa kanuni hiyo, k ya “kalamos” inatakiwa iwe h katika neno la Kiingereza lililorithiwa, na h ndiyo tunayoiona katika “haulm”.

Tazama na upande wa pili. Kiamu hakisemi “tai” kwa chai wala “tapati” kwa chapati, kwa sababu maneno hayo yaliingia sauti zikiwa zimekwisha kugeuka. Ndivyo “paternal”, neno ambalo Kiingereza kilikopa kwa Kilatini baadaye, lilivyobaki na p yake. Ukikuta sauti iliyogeuka, una alama ya urithi. Ukikuta iliyobaki vilevile, una alama ya mkopo. “Haulm” amezaliwa nyumbani. “Calamari” ni mgeni, na k yake inamtaja.

Kuna mjukuu mwingine ambaye tusingependa kumwacha: “shawm”, ala ya kale ya Ulaya ya kupuliza, yenye ndimi mbili za tete, dada kamili wa nzumari yetu ya Pwani. Jina hilo nalo limetoka “calamus”, kwa njia ya Kifaransa cha kale.

Assalaam aleikum. Barazani kwetu hoja haiishi. Mwenzetu ameleta video inayosema Kiingereza kimeiba maneno ya Kiarabu: “earth” ni ardhi, “cave” ni kahf, “castle” ni kasri, “street” ni sirati. Yanafanana mno, haiwezi kuwa bahati. Tupeni jibu tufunge mjadala. — Wana baraza, Langoni, Lamu

Waaleikum salaam. Katika manne hayo, mawili hayana uhusiano wowote. Mawili yana uhusiano wa kweli, lakini neno lilisafiri kinyume na inavyodai video hiyo.

Kufanana kwa leo hakuthibitishi kitu. Kipimo kinachofaa ni hiki: rudini nyuma na kila neno hadi maandishi yake ya kale kabisa, kisha mwangalie kama maneno mawili yanasogeleana au yanaachana. “Sugar” na sukari yanasogeleana. Upande wa Ulaya mtapita “sucre” ya Kifaransa na “zucchero” ya Kiitaliano. Upande wetu mtapita “sukkar” ya Kiarabu, na Waitaliano nao wataishia kwenye “sukkar” hiyohiyo. Nyuma yake ipo “shakar” ya Kiajemi, na nyuma zaidi “sharkara” ya Kisanskriti, ambayo maana yake ya kwanza ni changarawe, kwa ajili ya zile chembe chembe. Kila hatua ina maandishi, na kila hatua ina wafanyabiashara walioibeba bidhaa pamoja na jina lake.

Sasa fanyeni hivyo kwa “earth”. Kijerumani husema “Erde”, Kiholanzi “aarde”, na tafsiri ya Biblia ya karne ya 4 ya Kigothi, lugha ya kale ya jamii ya Kijerumani, ina “airtha”. Neno lilikuwa kamili huko kaskazini karne kadhaa kabla Waarabu hawajavuka kuingia Ulaya. Upande wa ardhi, nduguze ni “erets” ya Kiebrania, “ar’a” ya Kiaramu na “ersetu” ya Kiakadi. Mmeiona ile dh ya mwisho? Katika Kiebrania ni ts, katika Kiaramu ni ain. Ile sauti inayowafanya mseme “hili ni lilelile” imo katika Kiarabu peke yake, na kadiri mnavyorudi nyuma ndivyo inavyotoweka. Maneno haya mawili yanaachana.

“Cave” halihitaji maneno mengi. Limetoka Kilatini “cavus”, kilicho tupu ndani. Kahf ina mzizi wa herufi tatu, kaf, ha na fa. Katika Kilatini hiyo ha haipo popote.

Kasri ndilo tamu. Warumi waliita ngome “castrum”, na ngome ndogo “castellum”. Hii ya pili ndiyo “castle”. Mwaka 64 KK jemadari Mrumi Pompey aliifanya Shamu, yaani Siria, kuwa jimbo la Roma, na ngome za majeshi zikajengwa hadi ukingoni mwa jangwa. Wasemaji wa Kigiriki wa huko wakaliita jengo hilo “kastron”, neno likapita katika Kiaramu, na Waarabu wakalitamka “qasr”. Kwa hiyo Kiingereza hakikuiba kasri. Lugha zote mbili zilichota kwenye kisima kimoja cha Kilatini. Wapenzi wa mpira watalikuta tena mwishoni mwa jina Manchester, maana hiyo “-chester” ni “castra”, wingi wa “castrum”, ilivyosagwa na ndimi za Waingereza.

Sirati imepita njia hiyohiyo. Warumi waliposakafia barabara kwa mawe waliiita “via strata”, njia iliyotandikwa. Neno “strata” likaenda Uingereza likawa “street”, Ujerumani likawa “Straße”, na kwa upande wa mashariki likapita katika Kigiriki na Kiaramu likawa “sirat”. Msiogope kulisema hili barazani. Imam as-Suyuti, aliyefariki mwaka 1505, aliliweka sirat miongoni mwa maneno ya Qurani yaliyosemwa na wanazuoni kuwa asili yake ni lugha ya Warumi. Wanazuoni hao hawakuona kuwa asili ya neno inapunguza chochote katika heshima yake.

Sisi wa Matondoni twazijua kaskazi na kusi tangu utotoni. Wajukuu wangu wanafundishwa kuziita “monsoon”. Nani alitunga jina hilo, na lina maana gani? — Nahodha mstaafu, Matondoni

Shikamoo, nahodha. Jina hilo unalo kinywani kila siku kwa sura nyingine: ni msimu.

Mzizi wake katika Kiarabu ni waw, sin na mim, wenye maana ya kutia alama, kama ile inayopigwa ngamia kwa chuma cha moto. “Mawsim” ni wakati uliotiwa alama: wakati wa hija, wa mavuno, wa soko kubwa. Kwa mabaharia wa Bahari ya Hindi ulikuwa wakati ambao pepo zinaruhusu kung’oa nanga. Kwa hiyo neno halikuwa jina la upepo. Lilikuwa jina la kipindi chake.

Waliolipeleka Ulaya ni Wareno, na walijifunza kwa taabu kwa nini wanalihitaji. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa hapo, na tarehe 20 Mei alikuwa ametia nanga karibu na Calicut. Siku 26 tu, kwa sababu kusi ilikuwa ndiyo inaanza. Wakati wa kurudi hakungoja. Aliiacha pwani ya Bara Hindi mapema Oktoba, kaskazi haijasimama, akatangatanga baharini karibu miezi mitatu, mabaharia wake wakifa kwa kiseyeye, hadi akaifikia Malindi tarehe 7 Januari 1499. Bahari ni hiyohiyo. Kilichokosewa ni msimu.

Wareno waliliandika “moução”, kisha “monção”. Ule mwisho “-ção” ni vazi la nomino nyingi sana katika lugha yao, kama “navegação”, usafiri wa majini. Neno geni likavalishwa nguo za nyumbani. Waingereza walilitwaa katika miaka ya 1580, na likaishia kuwa “monsoon”. Baadaye, kwa kuwa kusi ndiyo inayopeleka mvua Bara Hindi, Kiingereza kikaanza kuiita mvua yenyewe “monsoon”. Wajukuu wakikuambia “monsoon” ni mvua, wamesoma sawasawa, ila ni maana ya huko.

Sisi tulilishona upande wa mbele. “Mawsim” likawa mausimu, musimu, kisha msimu. Masikio yetu yakaihesabu ile m kuwa kiambishi cha ngeli kama cha mti na mkono, na wingi ukawa misimu, ingawa Waarabu husema “mawasim”. Wenzake ni wengi: “mismar” ni msumari na misumari, “miswak” ni mswaki na miswaki, “masjid” ni msikiti na misikiti. “Kitab” likaangukia ngeli nyingine, likapata vitabu.

Onyo moja: wasifu si wa ukoo huu. Sin na swad ni herufi mbili tofauti, lakini Kiswahili kinaziandika zote s, na hapo ndipo wengi huunganisha mizizi isiyohusiana. Hata wataalamu waligombana. Wanasarufi wa mji wa Kufa, huko Iraki, walisema “ism”, jina, limetoka kwenye mzizi huu wa alama. Wale wa mji jirani wa Basra wakakataa, wakalipeleka kwenye mzizi wa kuinuka juu.

Mwalimu wetu alituambia “news” ni ufupisho wa herufi za kwanza za pande nne za dunia kwa Kiingereza. Ni kweli? — Mwanafunzi, Malindi

Si kweli, mwanangu, ingawa walimu wengi wanaliamini. “News” ni “new”, yaani -pya, ikiwekwa katika wingi: mambo mapya, kama Wafaransa wasemavyo “nouvelles”. Katika maandishi ya kale imeandikwa “newes”, na hiyo e ya pili haina pande ya dunia ya kuiwakilisha. Isitoshe, kutunga neno kwa herufi za kwanza ni desturi iliyoenea katika karne ya 20 tu. Ukiambiwa neno la Kiingereza lenye umri wa miaka 500 limetungwa hivyo, usikubali mpaka uone maandishi. Na “history” haikutokana na “his story”. Ni “historia” ya Kigiriki, uchunguzi, na “story” imetoka humohumo.

Tuna chama cha Kiswahili shuleni, wanachama 14. Tunataka kufuatilia asili ya neno la Kiingereza sisi wenyewe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Tumechagua “magazine” kwa sababu yenu. Tufuate hatua gani? — Wanachama, Malindi

Mmechagua vizuri. Pigeni karatasi mistari ya safu nne: mwaka, tahajia, maana, lugha. Anzeni chini ya karatasi na neno la leo, mpande juu kuelekea zamani, mstari mmoja kwa kila mabadiliko. Msiruke. Kosa kubwa la wanaoanza ni kuona neno la Kiarabu linalofanana na la Kiingereza kisha kuchora mshale mmoja kati yake, kana kwamba lilipaa kwa ndege.

Tarehe mtazipata katika kamusi kubwa ya Oxford, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa kwa mafungu kuanzia 1884 hadi 1928. Faida yake ni kuwa chini ya kila maana imepanga mifano kwa mwaka, ya kale kwanza. Mkikosa kamusi nzima, kamusi za etimolojia za bure kwenye intaneti zinatosha kuanzia, ila kila hatua ithibitishwe mahali pawili. Mkiona kinyota mbele ya neno, maana yake umbo hilo halijakutwa katika maandishi yoyote. Wataalamu wamelijenga upya kwa kanuni za sauti. Linakilini pamoja na kinyota chake, kwa sababu anayekifuta hugeuza makisio kuwa ushahidi.

Mstari wenu wa chini utakuwa gazeti la mara kwa mara lenye makala mchanganyiko. Maana hiyo ilisimama mwaka 1731, Edward Cave alipoanzisha The Gentleman’s Magazine huko London. Aliita chapisho lake ghala, ghala la maandishi, maana ghala ndiyo maana ya neno hilo katika Kiingereza tangu miaka ya 1580, hasa ghala la silaha na baruti. Ndiyo sababu kile kisanduku cha risasi kwenye bunduki nacho ni “magazine”. Hapa wengi huandika maneno mawili yenye asili mbili. Ni moja lililogawanyika. Juu yake andikeni “magasin” ya Kifaransa, ambayo leo ni duka. Juu yake “magazzino” ya Kiitaliano. Na juu kabisa “makhazin” ya Kiarabu, wingi wa “makhzan”, mahali pa kuhifadhia.

Mkifika Kiarabu msitafute chini ya mim. Kamusi nyingi za Kiarabu zimepangwa kwa mizizi, na hiyo “ma-” ya mwanzo ni kiambishi cha mahali, kama katika “maktab” na “masjid”. Iondoeni. Zinabaki kha, zai na nun, na chini ya kha mtakutana na neno mnalolijua, kwani kha ya Kiarabu mara nyingi huwa h kwetu, kama “khabar” ilivyokuwa habari: ni hazina. Mweka hazina wa chama chenu na neno “magazine” wametoka katika mzizi mmoja. Lakini andikeni kwa uangalifu: hazina haikutokana na “makhzan”. Imetoka katika tawi la pembeni la mzizi huo, kwa hiyo kwenye karatasi iwe kando, isiwe kwenye mstari wa wima.

Kuna ishara nyingine ya kuijua, nayo ni “al-”, kijineno cha Kiarabu kilicho kama “the” ya Kiingereza. Waarabu walikaa Hispania karne nyingi, na Wahispania wakameza maneno pamoja na “al-” yake: ghala kwao ni “almacén”, sukari ni “azúcar”, pamba ni “algodón”. Waitaliano waliyapokea hasa kwa biashara na kupitia Sicily, mara nyingi bila “al-”: “magazzino”, “zucchero”, “cotone”. Sasa tazameni Kiingereza: “magazine”, “sugar”, “cotton”. Mlango ulioyaingiza unaonekana usoni pake. Maneno kama “alcove”, kinyume chake, yana vumbi la Hispania.

Mkimaliza, kila mmoja wenu ajaribu neno moja kwa wiki. Tunapendekeza gazeti na jarida, kwa kuwa majibu yake yanapendeza. Gazeti limetujia kwa Waingereza. Nyuma yake ipo “gazeta”, sarafu ndogo ya Venice ambayo ndiyo iliyolipiwa karatasi ya habari. Jarida ni Kiarabu, na maana yake ya kale ni kuti la mtende lililonyofolewa majani yake yote, likabaki uti mtupu.

Je, “tariff” na taarifa ni neno moja? — Mfanyabiashara, Lamu

Ndiyo. Mzizi ni ain, ra, fa, wa kujua, ambao pia umetupa maarifa. “Ta’rif” ni kumjulisha mtu. Katika bandari za Mediterania wafanyabiashara wa Italia waliitumia kwa orodha ya ushuru iliyotangazwa, wakaiita “tariffa”, na Waingereza wakaipokea mwishoni mwa karne ya 16. Ile ain Kiitaliano kiliitupa. Sisi tuliiacha ikae kama irabu mbili, taa-, na kwa hiyo taarifa iko karibu zaidi na chanzo. Kwa mtindo huohuo “arsenal”, jina ambalo vijana wanalivaa kifuani, ni “dar as-sina’a”, nyumba ya ufundi, jina la mahali pa kuundia merikebu, na limeshika mkono sanaa na msanii. Na sifuri yetu, “sifr” ya Kiarabu, imezaa pacha katika Kiingereza: “cipher” kwa njia ya Kifaransa, na “zero” kwa njia ya Kiitaliano, baada ya mwanahisabati Fibonacci wa Pisa kuiandika “zephirum” mwaka 1202.

Kuna wanaosema “safari” ya Kiingereza ilitoka moja kwa moja kwa Waarabu, sisi tulipita tu kando. Mnasemaje? — Msomaji, Shela

Ilitoka kwetu. Msafiri Mwingereza Richard Burton aliitumia katika maandishi yake ya mwaka 1860 kuhusu msafara wake wa bara ulioanzia Pwani hii, na baadaye Waingereza wakaibana maana hadi ikawa ya uwindaji na kutazama wanyama. Kiarabu ni “safar”, inaishia kwa r. Ile i ya mwisho tuliitia sisi, na Waingereza wakaondoka nayo.